Istilahi za Darizi za Kale: Namna ya Kumwelekeza Anayeanza

1. Utangulizi

Neno istilahi linapotajwa, watu wengi hufikiria fizikia, sheria, uchumi au utawala. Ni wachache wanaofikiria sindano. Hata hivyo, ushoni ni fani yenye maarifa yake, zana zake na kanuni zake, na anayeifundisha kwa Kiswahili anahitaji maneno yaliyo wazi sawasawa na yule anayefundisha umeme. Makala haya yanakusudia kueleza matatizo ya istilahi yanayomkabili mfasiri au mwalimu anayewafundisha wanaoanza mishono ya darizi za kale, na kupendekeza njia ya kuyatatua.

Kilichotusukuma kuandika ni mswada mdogo ulioletwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe. Mswada huo ulikuwa tafsiri ya mafunzo ya Kiingereza. Mfasiri wake alikuwa hodari wa lugha, na sentensi zake zilisomeka vizuri. Lakini kabla haujatufikia, mswada ulikuwa umekwisha kutumiwa katika darasa moja la wanaoanza, na mwalimu aliufuata neno kwa neno. Wanafunzi walikuwa wamenunua kitambaa na nyuzi kwa fedha zao wenyewe. Wengi wao walirudi nyumbani na vitambaa vilivyoharibika, na baadhi wakaamini kwamba mikono yao haifai kwa kazi ya sindano.

Tulipousoma mswada tuliona kwamba mikono yao haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika maneno, na makosa mawili yalikuwa makubwa kuliko mengine. La kwanza, wanafunzi waliambiwa waanze kazi katika "upande wa kulia" wa kitambaa. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa mkono wa kuume na kwa jambo lililo sawa, na upande wa nguo unaoonekana na watu hupewa neno hilohilo. Mfasiri alichukua maana ya kwanza. Basi wanafunzi wakashona mkono wa kuume wa kitambaa, wengine kwa nje, wengine kwa ndani. Fundi cherehani yeyote angetusaidia hapa: yeye husema "upande wa nje" na "upande wa ndani", na hakuna anayekosea. Kosa la pili, la "kukata tundu", tutalieleza katika sehemu ya 5.

2. Maneno makuu ya fani

Kabla ya kutafuta majina ya mishono, hapana budi tutenganishe vitenzi vinavyotaja kazi zenyewe, kwani hivi huchanganywa hata katika maandishi ya watu wenye elimu.

Kushona ni kuunganisha au kutengeneza nguo kwa sindano na uzi. Kusuka ni kupishanisha ukili, nywele au nyuzi kwa mkono. Kufuma, kwa maana yake ya asili, ni kutengeneza kitambaa kwa kupitisha mshindio katikati ya mtande. Siku hizi kitenzi hiki hutumika pia kwa kazi ya kulabu moja au ya sindano ndefu mbili, kama vile vitambaa vya kufuma vinavyotandazwa juu ya makochi. Kudarizi ni kupamba kwa sindano na uzi kitambaa ambacho kimekwisha kufumwa. Kunakshi ni kupamba kwa jumla, nako huhusu zaidi mbao, chuma na kuta. Tofauti iliyo kubwa ni hii: katika kufuma, uzi ndio unaofanya kitambaa, katika kudarizi, kitambaa kipo kwanza na uzi huja baadaye.

Kuchanganya maneno haya si jambo la kwetu tu. Kipo kitambaa mashuhuri cha Bayeux, Ufaransa, cha karne ya 11, chenye urefu wa karibu mita 70, kinachosimulia jinsi Wanormani walivyoiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa Kifaransa na kwa Kiingereza huitwa kwa neno la kitambaa cha ukutani ambacho picha zake zimefumwa. Ukweli ni kwamba picha zake zimeshonwa kwa nyuzi za sufu juu ya kitani. Mfasiri anayefuata jina bila kukitazama kitu ataandika "kitambaa cha kufumwa cha Bayeux", na mwanafunzi atafikiri kwamba ili kujifunza kazi ile anahitaji kitanda cha mfumi, hali anahitaji sindano, uzi na fremu tu. Sisi tunapendekeza "darizi ya Bayeux".

Kuna swali pia la darizi na tarizi. Kamusi zetu zinayo maneno yote mawili. Tarizi lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa tirazi, jina la vitambaa vyenye maandishi vilivyotengenezwa katika karakana za makhalifa wa Baghdad na baadaye za Wafatimi wa Misri. Hatuoni sababu ya kulikataa neno lolote kati ya haya katika mazungumzo. Lakini katika kitabu kimoja cha mafunzo litumike moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa anayeanza akikuta maneno mawili hudhani ni kazi mbili. Katika makala haya tumetumia darizi.

3. Tatizo la neno mshono

Neno mshono limebebeshwa mizigo mingi. Kwanza, ni mahali vipande viwili vya nguo vilipounganishwa, kama tunaposema "mshono umefumuka". Pili, ni namna ya kushona, kama "mshono wa mnyororo". Tatu, ni tendo moja la sindano kuingia na kutoka. Nne, katika usemi wa siku hizi, ni mtindo wa vazi, kama mteja anapomwambia fundi, "Nataka mshono kama ule wa dada yangu."

Katika mazungumzo hapana taabu, kwa sababu kitu chenyewe kiko mbele ya macho. Taabu iko katika maandishi. Mwanafunzi akiambiwa "shona mishono kumi katika inchi moja", je, apitishe sindano mara kumi au ashone mistari kumi? Katika mswada tuliouona maagizo ya namna hii yalikuwa mengi.

Tunapendekeza mizigo hii igawanywe. Mshono ubaki kuwa jina la namna ya kushona, kwa kuwa ndiyo maana inayohitajika zaidi katika darizi. Tendo moja la sindano liitwe mchomo. Mahali vipande viwili vinapokutana paitwe maungio. Mtindo wa vazi uitwe mtindo. Hapo tutaweza kusema bila shaka: "Mshono huu huwa na michomo kumi katika inchi moja."

4. Jina liuelekeze mkono

Sasa tufike kwenye jambo lililo kiini cha makala haya. Katika lugha za Ulaya mishono hupewa majina kwa njia nne. Mingine huitwa kwa mwendo wa sindano, mingine kwa kitu kinachofanana nacho, mingine kwa nchi, na mingine kwa mtu. Njia zote nne zinamfaa anayejua. Anayeanza hafaidiki nazo sawasawa.

Mfano mzuri ni mshono unaojulikana kwa jina la Holbein. Hans Holbein, mchoraji Mjerumani aliyefanya kazi katika jumba la Mfalme Henry VIII wa Uingereza na kufariki London mwaka 1543, hakuwa mshonaji. Jina lake lilipewa mshono huu kwa sababu katika picha zake watu wamevaa nguo zenye darizi ya uzi mweusi juu ya kitani cheupe. Picha ya Malkia Jane Seymour, aliyoichora mwaka 1536 na 1537, inaonyesha darizi hiyo katika pindo za mikono. Anayejua historia ya uchoraji hufurahi kulisikia jina hilo. Lakini mwanafunzi aliyeshika sindano halimwambii lolote.

Na kazi yenyewe ni nyepesi. Mwanafunzi hushona kwanza mstari wa michomo iliyo sawa, akiacha nafasi iliyo sawa na mchomo kati ya mmoja na mwingine. Akifika mwisho hugeuka, akarudi kwa njia ileile huku akijaza nafasi alizoziacha. Matokeo yake ni mstari usiokatika, wenye sura moja nje na ndani. Ndiyo sababu mshono huu ulipendwa kwa kola na pindo za mikono, ambapo pande zote mbili za kitambaa huonekana.

Sisi wenyewe tulikosea hapa. Katika orodha yetu ya kwanza tuliandika "mshono wa Holbein", tukaridhika. Tulipoipeleka orodha hiyo kwa mshonaji mmoja wa kofia, bibi mwenye umri mkubwa katika mji wa pwani, alitusikiliza tukieleza kwa urefu habari za mfalme na mchoraji. Kisha akachukua kitambaa, akatuomba tumwonyeshe. Tulipomaliza kumwonyesha kwa shida, alisema, "Wanangu, hiyo si bandi ya kwenda na kurudi tu?"

Maneno hayo matano yalitosha kuwa jina na kuwa somo. Bandi ni neno la zamani la mshono mwepesi wa kushikiza nguo, na washonaji wetu hulijua. Anayejua bandi akiambiwa "bandi ya kwenda na kurudi" anaweza kujaribu bila hata kutazama picha. Jina la Holbein lisitupwe. Lina mahali pake katika maelezo ya historia. Lakini katika maagizo ya kazi litangulie jina linalouelekeza mkono.

Kutokana na tukio hilo tumejiwekea utaratibu wa hatua tatu. Kwanza, tunawauliza wanaoshona wanauitaje mshono husika. Pili, kama hawana jina, tunatazama mwendo wa sindano na kuutaja kwa maneno ambayo anayeanza anayajua. Tatu, kama mwendo hauwezi kutajwa kwa ufupi, tunachukua mfano wa kitu kinachojulikana hapa. Kukopa jina la kigeni ni hatua ya mwisho. Utaratibu huu haupingani na kanuni inayojulikana na wasomaji wetu, ya kuanza na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyinginezo. Unaongeza tu kwamba katika fani za mikono kamusi haitoshi. Lazima mkono nao uulizwe.

5. Kiua na tofauti ya kutoboa na kukata

Turudi kwenye kosa la pili la mswada. Somo lilihusu darizi ya matundu madogo juu ya kitambaa cheupe. Namna ya darizi hiyo iliyoenea Ulaya katika karne ya 19 huitwa na Wafaransa "darizi ya Kiingereza". Mfasiri aliandika: "Kata tundu, kisha zungushia uzi." Wanafunzi wakachukua mikasi. Matundu yakapanuka, nyuzi za kitambaa zikafumuka, na kazi ikaharibika kabla uzi wa kuzungushia haujafika nusu.

Ajabu ni kwamba kazi hii si ngeni kwetu. Kofia nyeupe za kushonwa kwa mkono zinazovaliwa Lamu, Unguja na kwingineko pwani hupambwa kwa matundu ya namna hiyo, na huitwa kofia za viua. Huko Oman, kofia ya jamii hii huitwa kuma. Kofia huwa na sehemu mbili, ya juu iliyo duara na ya pembeni inayozunguka kichwa, na kitambaa chake huwa cha tabaka mbili. Mapambo huchorwa kwanza, kisha viua hushonwa kimoja kimoja.

Mshonaji wa kofia hatumii mkasi kwa kiua kidogo. Hutumia chombo chenye ncha kali, akakisukuma kitambaani hadi mtande na mshindio vikasogea pembeni. Nyuzi hazikatiki, zimesukumwa tu. Baada ya hapo huzungushia uzi ukingoni, michomo ikikaribiana, na zile nyuzi zilizosukumwa hubanwa ndani yake. Kwa kuwa hazikukatwa, kiua hubaki imara hata nguo ikifuliwa mara nyingi. Kukata kunahitajika pale tu tundu linapokuwa kubwa, na hata hapo hutanguliwa na bandi inayozunguka mchoro ili kitambaa kisifumuke.

Basi tofauti ya kutoboa na kukata ndiyo tofauti ya kiua kinachodumu na kitambaa cha kutupwa. Neno kiua lilikuwapo, kitenzi cha kutoboa kilikuwapo, na watu wanaojua kazi hiyo wapo. Mfasiri hakuwauliza, kwa sababu alidhani kwamba mafunzo yaliyoandikwa kwa Kiingereza lazima yawe yanahusu jambo ambalo Kiswahili hakijalijua. Dhana hii ndiyo hatari kubwa katika kazi yetu. Kila mara tunapolitunga neno jipya juu ya neno lililopo, tunamwambia mwenye ujuzi kwamba ujuzi wake hauna jina. Na mwanawe, akisoma kitabu chetu, hatatambua kwamba kinachofundishwa ndicho kile mama yake anachokifanya barazani kila alasiri.

6. Mishono mingine inayohitaji uangalifu

Uzi wa dhahabu, ambao sisi huuita zari, hauvumilii kupitishwa kitambaani mara nyingi. Hukwaruzika na kupoteza mng'ao. Kwa hiyo hulazwa juu ya kitambaa na kushikizwa kwa michomo midogo ya uzi mwingine mwembamba. Katika karne ya 13 na ya 14 mafundi wa Uingereza walisifika Ulaya nzima kwa kupamba hivyo mavazi ya kanisa. Kwetu zari huonekana katika pindo za majoho. Tunapendekeza mshono wa kulaza, na kitenzi kushikiza kwa michomo inayoushika uzi uliolazwa.

Upo mshono wa michomo iliyolala sambamba na kukaribiana hadi kitambaa cha chini kisionekane. Kiingereza huuita kwa jina la atlasi, kwa ajili ya mng'ao wake. Jina hilo hutaja sura ya kazi iliyokwisha, si njia ya kuifikia. Mshono wa kujaza unamfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa kazi yake ni kuijaza nafasi iliyochorwa, kama jani au ua.

Kwa darizi zinazotegemea kuhesabu nyuzi, anayeanza huhitaji kitambaa ambacho idadi ya nyuzi za mtande katika inchi moja ni sawa na ile ya mshindio. Hapa Kiswahili kina maneno yake kamili, na inasikitisha kuona vitabu vikiandika "nyuzi za kusimama na za kulala" kana kwamba mtande na mshindio havikuwapo. Kitambaa hicho kiitwe kitambaa cha nyuzi sawa.

Mwisho, kuna kile kipande cha nguo ambacho wanaojifunza hushonea mishono mbalimbali. Wengi hukiita kitambaa cha mazoezi, na kwa matumizi ya darasani jina hilo linatosha. Lakini vile vya kale havikuwa vya mazoezi peke yake. Vitabu vya michoro vilipokuwa adimu, mshonaji alihifadhi mishono yake juu ya kitambaa ili airejee baadaye, kama mwanafunzi anavyoirejea daftari yake. Cha Uingereza kilicho cha zamani kuliko vyote miongoni mwa vile vyenye tarehe kilishonwa na Jane Bostocke mwaka 1598, nacho kimo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Kina herufi, michoro ya aina nyingi, na kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mtoto Alice Lee mwaka 1596. Kukiita hicho zoezi ni kukipunguzia haki yake. Tunapendekeza kitambaa cha vielelezo.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Orodha ifuatayo imepangwa kwa utaratibu wa kufundishia, si wa alfabeti, ili kila istilahi ijengwe juu ya zile zilizotangulia.

Upande wa nje: upande wa kitambaa unaoonekana nguo inapovaliwa au kutandikwa.
Upande wa ndani: upande wa pili, ambapo mafundo na ncha za nyuzi hufichwa.
Mchomo: tendo moja la sindano kuingia na kutoka, au alama yake juu ya kitambaa.
Mshono: namna maalumu ya kuipanga michomo.
Maungio: mahali vipande viwili vya nguo vilipounganishwa.
Bandi: mshono wa michomo inayofuatana mbele, yenye nafasi katikati.
Bandi ya kwenda na kurudi: bandi ambayo nafasi zake hujazwa wakati wa kurudi kwa njia ileile.
Mshono wa kurudi nyuma: mshono ambao kila mchomo hurudi nyuma hadi mwisho wa mchomo uliotangulia.
Mshono wa kikonyo: mshono wa michomo ya mshazari inayopandana kidogo, utumikao kwa vikonyo vya maua na mistari ya mchoro.
Mshono wa mnyororo: mshono wa vitanzi, kila kimoja kikishikwa na kinachofuata.
Mshono wa kujaza: mshono wa michomo sambamba inayofunika nafasi yote iliyochorwa.
Mshono wa kuzungushia: mshono wa michomo inayokaribiana, inayozunguka ukingo.
Kiua: tundu dogo lililotobolewa na kuzungushiwa uzi.
Mshono wa kulaza: mshono ambao uzi mmoja hulazwa juu ya kitambaa na kushikizwa kwa uzi mwingine.
Kitambaa cha nyuzi sawa: kitambaa chenye idadi sawa ya nyuzi za mtande na za mshindio katika kipimo kimoja.
Kitambaa cha vielelezo: kitambaa kilichoshonewa mishono na michoro ili kujifunza na kuhifadhi.

8. Hitimisho

Istilahi ya fizikia hujaribiwa katika mtihani na ile ya sheria hujaribiwa mahakamani. Istilahi ya ushoni ina mtihani wake pia, nao ni rahisi. Mpe mtu asiyejua kushona sindano, uzi na kitambaa. Msomee maelezo yako bila kumwonyesha picha. Kisha ukae kimya. Akishona kile ulichokusudia, istilahi zako zinafaa. Akishona kitu kingine, usimlaumu yeye. Rudi kwenye maandishi yako. Tunawashauri wafasiri wote wa vitabu vya kazi za mikono wafanye jaribio hili kabla ya kupeleka miswada yao kwa mchapaji, na maofisa wanaosimamia mafunzo ya watu wazima walidai.

Orodha tuliyoitoa si kamili wala si ya mwisho. Tunajua kwamba washonaji wa kofia, wa kanzu, wa foronya na wa mashuka wana maneno ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu walio karibu na watu hao, watuandikie maneno wanayoyasikia, wakieleza mahali yanapotumika na jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonwa, kikiambatishwa na barua, kitatufaa kuliko maelezo marefu.